Mwenyewe wa Sanduku

Fanueli alitoka mara moja tu, kwenda kununua silikoni ya kuzibia viungo. Mirija kumi na miwili, nyeusi, ile isiyoliwa na chumvi. Alikwenda kwa bodaboda mpaka Barabara ya Ishirini, akabishana na muuzaji, akamshinda, akarudi Raskazone, hapo Tanga mjini, wakati mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti kabla ya magharibi.

Kama hujawahi kumsikia Fanueli basi Muheza hujafika, umepita tu. Seremala yule. Mshambaa wa Soni aliyekulia kambi ya mkonge, Mlutheri wa kwaya, mikono mipana kama sinia na mdomo mpana kuliko mikono. Kitu akishakitengeneza hakitoki kinywani mwake. Akipita kanisani anakwambia, "Mlango wangu ule." Akipita shule, "Madawati yangu yale." Kitanda amemuuzia mtu miaka kumi na tano iliyopita, mtu kazaa juu yake watoto sita, yeye bado anauliza, "Kitanda changu kinaendeleaje?" Watu walimzoea. Wengine walimpa kazi ili wacheke tu.

Na kazi aliyokuwa nayo pale Raskazone ilikuwa kubwa kuliko milango yote na madawati yote. Sanduku la samaki. Usifikirie lile la kioo la kuweka juu ya meza ya runinga. Marhun, mwenye nyumba, alitaka bahari iingie sebuleni. Urefu futi kumi na mbili, upana sita, kimo nne. Kuta za plaiwudi ya marini, ile isiyooza majini, mbili mbili zimegandishwa mgongo kwa mgongo. Mbele, kioo kinene cha milimita kumi na tisa kilichobebwa na wanaume wanane. Nje limefungwa fremu ya mninga, ndani kitambaa cha faiba kwenye kona zote, halafu epoksi, ile gundi inayokauka ngumu kama kioo, ya kupakwa mikono mitatu. Likijaa linameza lita elfu nane. Mimi nimejenga nyumba zenye sebule ndogo kuliko lile sanduku, na sijivuni.

Basi Fanueli kashuka kwenye bodaboda, mfuko wa silikoni mkononi. Getini kasimama mtu.

Mtu mfupi, mzee mzee hivi. Shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni. Kanyooka kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Shikamoo, mzee," Fanueli akasema.

Yule mtu hakuitikia marahaba. Akatazama tu. Mtoto wa pwani angerudi nyuma hatua mbili hapo hapo, maana mzee aliyekamilika hawezi kuiacha shikamoo ianguke chini. Fanueli akaona ni uzee, masikio hayo.

"Kuna sanduku linajengwa humu," mtu akasema.

"Lipo."

"La kutiwa maji."

"La kutiwa maji, mzee. Maji mengi."

"Namtaka mwenyewe. Mwenyewe yuwapi?"

Hapo mtu yeyote mwenye akili zake angesema, Marhun yuko ndani, ngoja nikuitie. Maneno machache, hayachoshi. Lakini Fanueli alikuwa ametoka kumshinda muuzaji, na kifua bado kimejaa. Akauweka mfuko chini. Akajipangusa mikono.

"Mwenyewe ndiye huyu unayemwona. Sanduku langu lile. Kila skrubu mle ndani imepita kwenye vidole hivi."

"Mwenyewe ni wewe."

"Ni mimi."

"Sema mara ya pili nisikie."

"Mwenyewe ni mimi, mzee. Uliza Muheza nzima."

Mtu akanyoosha mkono. Fanueli akaupokea. Ulikuwa wa baridi, na ngozi ya vidole imekunjamana, kama ya mama aliyefua nguo toka asubuhi. Harufu ikampanda puani... pweza aliyesahauliwa ndooni siku tatu. Na kitu kingine Fanueli alikiona ila hakukielewa mpaka baadaye. Yule mtu aliongea yote yale bila kuvuta pumzi.

"Haya," mtu akasema. "Likijaa, nitakuja."

Akaondoka kuteremka upande wa ufukweni. Taratibu. Hakugeuka.

Ndani, Marhun alikuwa amesimama nyuma ya wavu wa dirisha. Mwarabu wa Tanga huyu, mnene, sauti ya redio, mtu wa kusema gari langu, ukuta wangu, barabara yangu. Jioni ile sauti ilikuwa ndogo.

"Ulikuwa unaongea na nani, fundi?"

"Mzee mmoja. Anaulizia mwenyewe wa sanduku."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mimi," Fanueli akasema, akacheka. "Samahani, bosi. Mdomo huu."

Marhun hakukasirika. Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia. Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya halua na kahawa, akamhudumia fundi kwa mikono yake mwenyewe. Wiki tatu za kazi, hakuwahi kumpa hata maji.

*

Asubuhi yake ilikuja pikapu kutoka Ushongo. Nyuma kumejaa mawe ya mwamba, yamefunikwa magunia yaliyolowa. Mawe hai hayo, yana vijani, yana vidude vinavyochungulia na kurudi ndani. Aliyeyaleta alikuwa mzamiaji, Uweso, Mdigo mwembamba, ulimi wake hauna breki.

"Shemeji wa milimani," akamtania Fanueli. "Bahari uliwahi kuiona wapi? Kwenye kalenda?"

"Nyie ndiyo mnaiona kila siku na bado hamna hata kiti cha kukalia. Njoo ushike huku."

Wakacheka. Wakayashusha mawe kwenye mapipa uani. Marhun naye alikuwa sakafuni kati ya maboksi, akipanga vyombo vyake. Pampu mbili kubwa za kuzungusha maji ili yawe na mkondo. Feni nne za kuyapoza. Taa ndefu za buluu. Na kile alichokipenda kuliko vyote, kichujio cha povu, mrija mnene wa plastiki safi, urefu wa mtoto wa miaka kumi. Kinayachemsha maji kwa hewa mpaka uchafu unapanda juu kama povu la sabuni na kumwagika kwenye kikombe.

"Samaki wa Tanga anapigiwa feni," Fanueli akasema. "Mke wangu Dorkasi anajipepea na mfuniko wa sufuria."

Uweso akacheka peke yake. Marhun hakuinua kichwa.

Saa tisa alasiri Fanueli aliingia ndani ya sanduku kupiga mkono wa tatu wa epoksi. Alipiga magoti sakafuni, rola mkono wa kulia, kiganja cha kushoto juu ya kona iliyokwisha kukauka toka jana. Jua linaingia dirishani. Redio ya jirani inaimba. Mchana mweupe.

Epoksi ikatuna.

Alidhani ni kiputo cha hewa. Kiputo kikawa kirefu. Kikawa na vifundo. Kikawa vidole vitano chini ya ile ngozi ngumu inayong'aa, vinasukuma kutoka upande wa mbao, kama mtu amelala ndani ya plaiwudi na anatafuta shuka.

Harufu ikaja. Pweza.

Fanueli akataka kuutoa mkono. Ukashikwa.

Ukavutwa chini mpaka shavu lake likagonga sakafu. Kidole cha mwisho kikakunjwa kwenda nyuma. Taratibu, bila haraka, kama mtu anajaribu ubora wa fito.

Kap.

Halafu cha pili yake.

Kap.

Uweso alikuwa uani anaosha mawe. Alisikia sauti aliyodhani ni ya mbuzi. Alipofika aliruka ndani ya sanduku na buti zake, akamkumbatia Fanueli kiunoni, akaweka mguu ukutani, akavuta. Walivutana hivyo mpaka mshipa wa shingo ya Uweso ukasimama kama kamba. Ghafla kikaachia. Wote wawili wakaanguka chali juu ya epoksi mbichi. Lakini kabla hakijaachia kabisa kiliupitia mkono wa Uweso, na kiliacha alama. Matundu saba kwenye mduara, kila moja refu kama msumari wa inchi moja. Damu haikuchuruzika. Iliruka.

Sakafuni hapakuwa na kitu. Imenyooka. Inang'aa.

*

Walikaa nyuma ya tangi la maji, uani. Uweso kajifunga mkono kwa kipande cha khanga. Vidole viwili vya Fanueli vilikuwa vinatazama mahali pasipo pake.

"Nani amekuuliza kitu tangu juzi?" Uweso akanong'ona.

Fanueli akamsimulia. Shati, shikamoo, mkono wa baridi.

"Ukasema ni wewe."

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili... tatu."

Uweso akaukaza mfundo wa khanga mkononi. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Sikiliza. Mwamba ule nilikotoa mawe, kwetu neno mwenyewe halisemwi ovyo. Ukiwa kwenye maji yale hata mashua yako husemi mwenyewe wake ni nani. Mwenyewe ni yeye. Huyo mmoja. Ukitaka kuchukua kitu unampelekea yai, ubani na marashi, unaweka, unasubiri. Halafu anakuja nchi kavu kuuliza, mali yangu iko kwa nani. Atakayesema mwenyewe ni mimi, amejiita kwa jina lake. Na mawe kayakubali. Na deni la mawe kalikubali."

"Deni gani?"

"Alitoa kitu chenye roho. Atachukua chenye roho."

Fanueli akakohoa. Akahisi chumvi kwenye koo.

"Na wewe unayajua yote haya, ukayaleta mawe kwenye pikapu unaimba?"

"Nilimwambia Marhun kila kitu. Yeye si mgeni, kazaliwa hapa. Akaniambia, usijali Uweso, nitaweka mtu wa kujibu." Uweso akainua macho. "Ndugu yangu, maseremala wote wa Tanga walikataa kazi hii. Hukujiuliza kwa nini mtu amekufuata wewe mpaka Muheza?"

Hakuwa amejiuliza. Nitakwambia ukweli wake. Alidhani sifa zake zimefika mbali. Na kweli zilikuwa zimefika.

"Hakuna njia?"

"Moja. Mwenye mali aseme kwa mdomo wake, mbele ya maji, kwamba mwenyewe ni yeye. Neno linamrudia. Lakini kabla maji hayajafika ukingoni. Yakifika ukingoni umekwisha."

Uweso akasimama. Akapanda pikapu kwa mkono mmoja. Hakudai hata hela ya mafuta.

Fanueli alimkuta Marhun sebuleni. Akamwambia yote, kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa ya msiba. Sema tu, bosi, maneno matatu. Marhun akatabasamu.

"Fundi, mimi kwenye hilo sanduku nina nini? Wewe ndiye umelijenga. Mimi mnunuzi tu." Akamsogezea taulo. "Kafungwe huo mkono hospitali. Sanduku lako zuri sana."

Sanduku lako. Mtu aliyekuwa anauita hata upepo wa ufukweni wake.

*

Fanueli alikimbia. Usimcheke, na wewe ungekimbia. Alifungwa vidole kwa vijiti, akalala kwake Muheza siku tatu, akamwambia Dorkasi ameangukiwa na ubao. Siku ya nne, Alhamisi, saa nane mchana, alikuwa stendi, kati ya matenga ya machungwa, akimsubiri mteja wa kabati.

Kikohozi kikaja.

Kwanza kidogo. Halafu kikamkunja. Akashika mguu wa meza ya muuza machungwa, akafungua mdomo, na maji yakatoka. Si matapishi. Maji. Safi, ya chumvi, ujazo wa jagi zima. Yalisambaa juu ya maganda ya machungwa, na katikati yake kilikuwa kinarukaruka kisamaki cha buluu, kirefu kama ukucha, kizima.

Watu wakasogea mbali. Mama wa machungwa akajishika kichwa.

Fanueli akapiga simu kwa mkono mzima. Marhun akapokea. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo, bomba linatema maji.

"Tumefika robo, fundi. Tunavuta moja kwa moja kutoka baharini. Halivuji hata tone. Hongera."

"Zima pampu, Marhun."

"Nizime sanduku la watu? Mwenyewe hajaniambia."

Simu ikakatika.

Nusu saa mpaka Raskazone. Dereva wa bodaboda aliyempeleka Tanga aliniapia kwamba abiria alikuwa anamtapikia maji mgongoni njia nzima, na kwamba kabla ya kupanda alipitia karakana yake na kuchukua kitu kimoja tu. Patasi ya inchi moja na nusu. Ile ya kuchonga nafasi ya bawaba. Ukiiangusha inasimama.

Barazani alikuwa amekaa Bimdogo, mama yake Marhun. Bibi wa miaka themanini, mtandio mweupe, tasbihi vidoleni. Fanueli alipanda ngazi, maji yanamtoka puani, patasi mkononi, wazi.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marhaba, mwanangu."

Akaitazama patasi. Akautazama uso. Halafu akaikunja miguu yake chini ya kiti ili apite.

"Ingia," akasema. "Hajamaliza kujaza."

*

Sebule yote ilikuwa ya buluu. Taa zimewashwa, mapazia yamefungwa. Maji yamepanda mpaka yamebakisha shubiri moja kufika ukingoni. Pampu zinasukuma, mkondo unazunguka juu ya yale mawe, na vidude kwenye mawe vimefunguka vyote, vinapunga, kama mikono ya watu waliosimama barabarani wanamsubiri mkubwa apite.

Marhun alikuwa juu ya ngazi ya mbao, kifua kimeegemea ukingo, anarekebisha kichujio cha povu. Bomba la maji kalining'iniza kwa mkono wa kushoto.

Hakumsikia.

Fanueli alipanda ngazi kwa nyuma kama paka. Akamshika ndevu kwa vidole vitatu vilivyobaki, akamkunja kichwa juu ya maji, akamwekea patasi chini ya sikio.

"Sema."

"Fundi... fundi, subiri, tuongee..."

"Sema mwenyewe nani."

Maji yalipanda unene wa kidole. Fanueli akahisi yanapanda na ndani yake, kifuani, mbavu zinazama moja moja. Alikuwa na pumzi ya nusu kifua. Akaiminya patasi. Sikio la Marhun likafunguka kama bahasha. Damu ikadondoka majini, tone, tone, na kila tone likienda chini halikuyeyuka. Lilikwenda moja kwa moja kwenye mawe, kama limeitwa.

"Sema."

Marhun akapiga kelele. Akampiga Fanueli kiwiko cha mdomo, meno mawili yakatoka. Wakakamatana pale juu, ngazi inayumba, wanaume wawili wazima wanang'atana kama mbwa. Marhun alikuwa na nguvu, mnene yule. Akamshika Fanueli vile vidole vilivyovunjika, akavikunja upya. Fanueli aliona weupe mtupu. Lakini hakuachia. Akamrudisha kichwa majini mpaka pua, akamtoa. Akamrudisha, akamtoa.

"Mwenyewe ni Fanueli," Marhun akasema, anacheka na kulia pamoja. "Mwenyewe ni Fanueli wa Muheza."

Kifua cha Fanueli kikajaa mpaka kooni.

Akaizamisha patasi kwenye bega. Yote. Mpaka mpini.

Mlangoni kulikuwa na mtu. Bimdogo. Kasimama, tasbihi imetulia.

"Mama," Marhun akasema. "Mama, mwambie."

Bibi yule alimtazama mwanawe. Midomo yake ilikuwa inasogea lakini hakuna aliyesikia alichosoma. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeagiza sukari.

"Umekuja na mtoto wa watu kutoka kwao, ukamweka mahali pako. Sema, Marhun. Mali ni yako."

Maji yakabakisha unene wa uzi kugusa ukingo.

"Mwenyewe..." Marhun akasema. "Mwenyewe ni mimi."

Pampu zikanyamaza. Zote mbili. Feni zikasimama. Maji yakawa kioo, hayatikisiki. Fanueli akavuta pumzi, ya kwanza kamili tangu saa nane, na ilikuwa tamu mpaka alilia.

Ndani ya sanduku, chini kabisa, katikati ya mawe, kulikuwa na shati jeupe.

Lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kooni.

Lilipanda bila kuogelea. Fanueli aliachia ndevu akaanguka nyuma, sakafuni, patasi ikachomoka naye, kwa hiyo alichokiona alikiona kupitia kioo. Aliona mikono miwili inamkumbatia Marhun shingoni, polepole, kama ndugu waliopoteana. Miguu ya Marhun ikapiga ngazi, ikapiga ukuta, ikapita juu ya ukingo, ndala moja ikabaki nje. Halafu akawa ndani, uso kwa uso na kioo, mdomo wazi. Hakuzama kama wanavyozama watu. Alikunjwa. Mkono kwanza. Goti. Mgongo. Sauti ilipita kwenye plaiwudi, Fanueli akaisikia kwa meno yake.

Kap. Kap. Kap.

Maji yakawa mekundu, kioo chote, huoni kitu.

Ndipo pampu zikawaka zenyewe. Kichujio kikaanza kazi. Povu likapanda kwenye ule mrija, jekundu, zito, likamwagika kwenye kikombe. Kikombe kikajaa, kikamwagika sakafuni. Povu likawa la waridi. Likawa jeupe. Robo saa tu, maji yalikuwa safi kuliko mwanzo. Vile vyombo Marhun alichagua vizuri, lazima tumpe haki yake.

Ndani hapakuwa na mtu. Mawe tu. Yalikuwa yameongezeka.

Bimdogo alikuwa ameokota ile ndala. Aliipangusa kwa mtandio.

"Nenda nyumbani, mwanangu," akasema. "Patasi yako niachie mimi."

*

Ukiuliza Raskazone, watakwambia Marhun kasafiri, yuko Maskati kwa ndugu zake. Ndivyo mama yake alivyosema, na nani atambishia bibi wa miaka themanini? Polisi hawakuja. Msiba haukuwekwa. Fanueli alirudi Muheza na meno mawili pungufu na vidole viwili vigumu kama vijiti. Kazi anafanya. Ila ukimsifia kiti anatazama pembeni. Ukimuuliza kimetengenezwa na nani, anakwambia hajui.

Mwezi wa nne tangu siku ile, simu ikalia. Sauti ya kizee.

"Fundi, njoo na futi yako ya kupimia."

Alikwenda. Asingeweza kutokwenda, patasi ina alama za vidole vyake na bibi anayo. Alifika saa nne asubuhi, jua kali, watoto wa shule wanapita nje wanapiga kelele. Bimdogo alimpokea kwa chai na sambusa. Pembeni ya kiti chake kulikuwa na ndoo tatu za dagaa wabichi, na ya nne ina kitu kimefunikwa gunia, pembe za mbuzi zinachungulia.

Sanduku lilikuwa limejaa. Maji ya buluu, safi. Fanueli hakuangalia ndani. Aliangalia silikoni yake kwenye kona. Ilikuwa imevutika. Mbao za mninga zilikuwa zimebetuka kwenda nje, kama fulana ya mwaka jana kwenye mwili wa mtoto.

"Niongezee futi tatu urefu, mbili kwenda juu," Bimdogo akasema. "Anakua."

"Nani, Bimdogo?"

Ile ndala ya mwanawe bibi alikuwa kaikumbatia kifuani. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, na anatabasamu na kitu kilichokuwa upande wa pili.

Fanueli akapanda ngazi. Akatoa futi yake ya utepe wa chuma, akakikaza kichwa chake kwenye kona ya kushoto. Urefu wa futi kumi na mbili mtu mmoja hawezi kuupima peke yake, utepe unajipinda katikati, unataka wa kuushika upande wa pili. Akageuka amuombe bibi.

Futi ikavutwa.

Ilikwenda juu ya maji, taratibu, imenyooka, mpaka kona ya kulia. Ikakazwa pale, barabara, kwa vidole vinene vilivyokunjamana. Ikasubiri.

Fanueli akasoma namba. Akaiandika kwenye ubao. Kisha, kwa kuwa kipimo hakijakamilika bila upana, akahamia ukuta wa pili, akashika kona, na futi ikavutwa tena.